Varanasi: kwa nini mji umejengwa upande mmoja tu wa mto Ganga?

#1 Mwana Kilosa

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama Delhi kutibiwa. Baada ya vipimo daktari akatuambia turudi baada ya siku 11. Siku ya pili tu mama alishachoka kulala anaangalia feni. Mwenye nyumba tuliyopanga akasema, kama mama anaweza kukaa kwenye treni, mpeleke Banaras (ndiyo hiyo hiyo Varanasi) akaone mto. Tukapanda ile treni ya kasi ya Vande Bharat asubuhi, masaa nane tukawa tumefika.

Tulikaa siku nne. Kashi Vishwanath, hekalu la mungu Shiva, tuliingia, hekalu jekundu la Durga tuliingia, Sankat Mochan kwa Hanuman tuliingia (tumbili mmoja akaondoka na ndizi za mama), na siku moja tulikwenda Sarnath. Jioni zote nne mama alitaka twende Dashashwamedh kwenye ibada ya mto. Vijana saba wamesimama juu ya majukwaa, wanazungusha taa za shaba zenye ndimi za moto ngazi kwa ngazi, huku kengele zinagongwa mpaka unahisi kifuani.

Sasa swali langu. Asubuhi ya pili tulichukua mashua, saa kumi na mbili kasoro. Upande mmoja ngazi za mawe zinashuka mpaka majini kilomita kwa kilomita, wanaziita ghati, ziko 84 hivi, na juu yake mahekalu na majumba ya wafalme yamebanana hakuna pa kupitisha mkono. Upande wa pili: mchanga. Mchanga mtupu na ngamia wawili wa kupigia picha.

Mama akauliza, "Huko ng'ambo hawaishi watu?" Nikamtafsiria mpiga kasia. Akajibu kwamba atakayefia kule atazaliwa tena punda. Jioni mwenye nyumba ya wageni akasema ni mafuriko. Kesho yake muuza chai akasema serikali ilikataza kujenga kwa sababu ya kobe.

Majibu matatu kwa siku mbili. Mama mpaka leo ananiuliza lipi la kweli. Wajuzi mnisaidie.

#2 Ngosha Halisi

Kobe na punda kwenye swali moja. Nimeweka kiti, nasubiri wajuzi.

#3 Mhitimu BHU

Mkuu, nimesoma chuo kikuu cha pale (BHU, Banaras Hindu University), hiki alichoanzisha Madan Mohan Malaviya mwaka 1916. Mpiga kasia wako hakukudanganya, amekupa jibu la wenyeji.

Kwa Mhindu, Kashi (jina la kale la mji) ina mipaka. Anayefia ndani ya mipaka hiyo, Shiva mwenyewe humnong'oneza sikioni neno la kumvusha, na anafunguliwa kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Ndiyo maana utaona wazee wamehamia pale kusubiri siku yao. Ng'ambo ya mto iko nje ya mpaka.

Habari ya punda inatoka kwenye kisa cha mwenye hekima Vyasa. Alizunguka Kashi akiomba chakula, siku zikapita hakupewa kitu, akakasirika akaanza kuulaani mji. Mungu wa kike Annapurna akamlisha, lakini Shiva akamfukuza: mtu mwenye hasira namna ile hafai kukaa hapa. Vyasa akavuka mto, akabaki kule anautazama mji kwa mbali. Pale panaitwa Vyas Kashi, na ndipo wanaposema ukifa unarudi punda. Rafiki yangu mmoja wa bwenini, kijana wa uhandisi, bibi yake alikuwa hakubali kulala ng'ambo hata kwenye harusi.

Nani ajenge nyumba mahali kama hapo?

#4 Mpima Mito

Naheshimu alichosema Mhitimu, ila dini ilikuja kuelezea kitu ambacho mto ulishakifanya.

Tazama ramani. Ganga inatoka magharibi kwenda mashariki, ikifika Varanasi inajikunja kama upinde, inaelekea kaskazini kwa kipande, kisha inarudi mashariki. Mji uko upande wa nje wa kona, mchanga uko upande wa ndani. Watu wa Rufiji hawahitaji kuelezwa hili: kwenye kona maji yanakwenda kasi upande wa nje, yanachimba, na upande wa ndani yanapoa na kumwaga mchanga uliokuja nao mto. Kwa hiyo ng'ambo ile ni kitanda cha mto. Masika yao, Julai hadi Septemba, maji yanafunika mchanga wote ule. Ungejenga nyumba, Agosti unaifuata Bihar, jimbo la chini ya mto.

Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyekujibu vizuri.

#5 Wa Likoni

Mpima Mito hapo umejifunga mwenyewe. Umesema upande wa nje wa kona ndio unaochimbwa. Na mji uko nje ya kona. Mbona basi haujaliwa miaka elfu mbili na zaidi? Kwa hesabu yako ghati zote zingekuwa zishakwenda na maji.

#6 Mpima Mito

Wa Likoni, swali zuri sana hilo.

Ukingo ule si udongo wa kawaida. Ni udongo mgumu uliochanganyika na vinundu vya chokaa, wenyewe wanaita kankar, na umeinuka kama tuta refu juu ya mto. Mto unaugonga lakini haupenyi kirahisi. Halafu wafalme wa kila pembe ya India wakaja wakavalisha ukingo kwa mawe, karne ya 18 hasa, Wamaratha wa magharibi ya India wakiongoza. Zile ngazi ni za kuogea na kusalia, na hapohapo ni ukuta wa kuzuia mmomonyoko.

#7 Mtoto wa Malindi

Mimi wa Unguja, nilipita Varanasi nikitoka Lucknow kikazi. Nina jibu la nne na sijaona mtu kalitaja.

Jua.

Yule anayeoga Ganga asubuhi anasimama majini ameelekea mashariki, anachota maji kwa viganja viwili, ananyanyua, anayaachia yarudi mtoni kulielekea jua linapochomoza. Hilo haliwezekani kama mbele yako kuna ghorofa. Ng'ambo imeachwa wazi ili jua lipite. Nilisimama pale ghati ya Assi siku tatu mfululizo, na jua lilipotoka juu ya ule mchanga mtupu, mji wote ukageuka rangi ya asali kwa mara moja. Mtu akijenga pale ameua Banaras.

Halafu nyie mmekwenda Banaras hakuna aliyetaja tambuu? Kule inaitwa paan na watu wa India wote wanakubali kwamba ya Banaras ndiyo yenyewe. Jani lao laini, halina nyuzi, linayeyuka. Chokaa kidogo, popoo iliyolowekwa, mzee anakunja kwa vidole viwili hata hatazami. Nilimwambia kwetu Zanzibar bibi zetu wanatafuna hii hii, akakataa pesa ya la pili.

#8 Mzee Kifimbo

Malindi umenitamanisha tambuu saa hii ya usiku.

Nami nilipita 2018 na kundi la watalii. Nakumbuka kuba za dhahabu za Vishwanath zilizowekwa na malkia Ahilyabai, na tulipelekwa Sarnath alikozaliwa Buddha. Kuhusu swali la mleta uzi, kiongozi wetu alisema Ganga inakwenda kaskazini pale tu, hakuna pengine popote, ndiyo maana upande mmoja ni mtakatifu.

#9 Mhitimu BHU

Mzee Kifimbo shikamoo. Naomba nirekebishe mambo matatu kwa heshima.

Ahilyabai Holkar wa Indore ndiye aliyejenga hekalu lililopo sasa, mwaka 1780. Dhahabu ililetwa miaka mingi baadaye na Maharaja Ranjit Singh wa Punjab, ambaye alikuwa Singasinga.

Buddha alizaliwa Lumbini, iliyoko Nepal ya leo. Sarnath ndipo alipotoa mahubiri yake ya kwanza kwa wafuasi watano. Lile jengo la mviringo mnene, stupa ya Dhamek, lina urefu wa zaidi ya mita 43. Na kwenye jumba la makumbusho pembeni ndimo walimo wale simba wa mfalme Ashoka walioko kwenye noti za India. Ijumaa wanafunga, msiende Ijumaa.

Ganga inaelekea kaskazini sehemu nyingine pia, mfano Sultanganj kule Bihar, na huko nako pakawa mahali pa hija. Kwa Wahindu mto unaorudi kaskazini unaelekea nyumbani Himalaya, kwa hiyo hapo kiongozi wenu hakukosea sana.

#10 Mzee Kifimbo

Marahaba mwanangu. Nimesahihishwa, asante.

#11 Ngosha Halisi

Kwani sisi wasio Wahindu tunaingia mahekalu yote? Nasikia wengine wanazuiwa.

#12 Mwana Kilosa

Ngosha, sisi Vishwanath tulionyesha pasipoti tukapita. Simu, kamera, mkoba, hata kalamu haviingii. Unanunua maua kwa muuza duka, anakupa kikabati na ufunguo, viatu unaacha hapohapo. Tangu wafungue ule uwanja mpana mwaka 2021 unaweza kushuka moja kwa moja toka hekaluni mpaka mtoni, zamani ilikuwa vichochoro tu.

Kuna hekalu dogo moja ndani ya vichochoro tulizuiwa mlangoni, mzee akatuonyesha kwa mkono tusimame nje. Hakuwa na ukali. Mama akavua kandambili akasimama palepale kizingitini, akainamisha kichwa. Yule mzee akaingia ndani akatoka na punje za sukari kwenye jani akampa.

#13 Mhitimu BHU

Lile jipya la Vishwanath ndani ya chuo lilijengwa makusudi liwe wazi kwa kila mtu, wa tabaka lolote na dini yoyote. Lina marumaru nyeupe na mnara mrefu ajabu. Mgeni anayeogopa kuzuiwa aanzie pale. Na asikose Bharat Mata: ndani hakuna sanamu ya mungu, kuna ramani ya India imechongwa kwenye marumaru sakafuni, milima imeinuka na mabonde yameshuka. Gandhi ndiye aliyelifungua mwaka 1936.

#14 Wa Likoni

Tahadhari kwa wanaokwenda. Ghati ya Manikarnika, panapochomwa maiti usiku na mchana, kuna vijana wanakuvuta pembeni, wanakueleza mambo mengi mazuri, halafu wanakwambia changia kuni za maskini wanaosubiri kufa. Mimi nilitoa, akasema haitoshi, wakanizunguka watatu. Kazi halisi ya moto ule ni ya jamii ya Wadom, vizazi kwa vizazi, na wao hawakukimbilii. Wako bize na mizani ya kuni. Na usitoe simu kupiga picha. Ni msiba wa mtu ule.

Tena nisaidieni hili, nisichafue uzi. Pembeni ya Manikarnika kuna hekalu limeinama kama linataka kudumbukia mtoni. Limefanywa nini?

#15 Binti Kisutu

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni Mtanzania wa asili ya Kigujarati, nimezaliwa Dar, nimekulia mitaa ile ile ya mahekalu ya Kisutu.

Wa Likoni, hilo ni Ratneshwar Mahadev. Limeinama nyuzi 9 hivi, na miezi mingi ya mwaka chumba chake cha ndani kimejaa maji na matope. Hadithi ni kwamba mtu alilijenga kwa ajili ya mama yake, lilipokwisha akatamba: mama, deni lako nimelilipa. Mama akakataa hata kuingia, na hekalu likainama palepale. Wengine wanaliita kwa jina la deni la mama. Mpima Mito atakuambia ni uzito wa mawe juu ya udongo wa mtoni, na sitabishana naye.

Nimeandika kwa sababu ya mama yake mleta uzi. Bibi yangu, tunamwita Ba, alifariki Dar. Kwenye kabati lake la sala kulikuwa na kijungu cha shaba, kidogo kama ngumi, kimezibwa kwa madini ya risasi. Babu alikileta kutoka Kashi kabla sijazaliwa, ndani maji ya Ganga. Siku Ba alipozidiwa, mjomba alikitoboa kwa msumari, tukamdondoshea matone mdomoni. Maji yale yalikuwa hayana harufu yoyote.

Majivu yake sehemu tuliyapeleka baharini hapa hapa Dar, sehemu mimi na mjomba tukapanda nayo ndege. Zamani wanawake hawakwenda kwenye mambo haya, mimi nilikwenda. Mpiga kasia alipofika katikati ya mto aliacha kupiga makasia bila kuambiwa. Nilifungua kitambaa chekundu. Upande wangu wa kushoto mji wote na moshi wake, upande wa kulia hakuna kitu kabisa, mchanga na anga.

Mimi sikuona mahali pa punda kule. Niliona mahali alikokwenda Ba. Nadhani ng'ambo imeachwa tupu kwa sababu watu wa mji ule wanahitaji kuona upande wa pili usio na kitu. Si jibu la kitabu, ni langu.

#16 Mwana Kilosa

Dada, pole sana. Nimemsomea mama. Amenyamaza muda mrefu, halafu akaniomba nirudie pale kwenye kijungu.

#17 Ngosha Halisi

Pole dada. Ila hayo maji kukaa miaka yote bila kuoza, kuna maelezo?

#18 Mpima Mito

Yapo, na ni ya zamani. Mwaka 1896 Mwingereza Ernest Hankin aliandika kwamba maji ya mito ya Ganga na Yamuna yanaua vijidudu vya kipindupindu kwa muda mfupi, na maji yakichemshwa nguvu hiyo inapotea. Baadaye ikajulikana kuna virusi vinavyokula bakteria, na Félix d'Hérelle akavipa jina mwaka 1917. Wengi wanahusisha hayo mawili, wengine wanasema ni hewa nyingi iliyoyeyuka majini, wengine madini ya Himalaya. Shaba ya kile kijungu nayo inaua vijidudu, msiisahau.

Yote hayo hayabadilishi kwamba leo maji taka ya miji mingi yanaingia mtoni. Msinywe.

#19 Mtoto wa Malindi

Kuhusu mji na dini, niongeze kitu ambacho Waislamu wenzangu wengi hawakijui. Bismillah Khan, mpiga zumari mkubwa kuliko wote India, alikuwa Muislamu wa Banaras, anaswali swala tano, na alikuwa akipiga zumari yake kwenye hekalu la Vishwanath. Alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi mwaka 2001, akafariki 2006, na Banaras hakuihama.

#20 Mzee Kifimbo

Na ule msikiti uliobanana na hekalu? Niliona askari wengi.

#21 Mhitimu BHU

Gyanvapi. Hekalu la awali lilibomolewa mwaka 1669 kwa amri ya Aurangzeb, mfalme Muislamu wa Wamughal, msikiti ukasimama pale, na hekalu la sasa likajengwa kando. Sanamu ya ng'ombe Nandi, ambaye siku zote humtazama Shiva, pale anautazama msikiti. Kesi iko mahakamani na watu wanaumia nayo pande zote mbili. Naomba tuishie hapo, tusiilete humu.

Turudi kwenye kobe, maana muuza chai hajajibiwa. Ni kweli kulikuwa na hifadhi. Mwaka 1989 kipande cha kilomita 7, kuanzia ngome ya Ramnagar mpaka daraja la reli, kilitengwa kwa ajili ya kobe wa maji waliozalishwa na kuachiwa mtoni ili wayale mabaki ya maiti zisizoungua vizuri. Kujenga na kuchimba mchanga vikakatazwa. Hadhi hiyo ilifutwa mwaka 2020, na Januari 2023 wakafungua mji wa mahema juu ya mchanga huo huo.

#22 Wa Likoni

Hifadhi ya 1989 haiwezi kueleza utupu wa miaka elfu mbili. Kobe tuwatoe.

Lakini umetaja Ramnagar, na Ramnagar iko ng'ambo! Ngome ya mfalme wa Kashi iko kule tangu karne ya 18, na mji mzima umeizunguka. Mfalme hakuogopa kuzaliwa punda?

#23 Mhitimu BHU

Ha! Hilo ndilo swali tulilomuuliza mwalimu wetu. Alisema Vyasa ana hekalu ndani ya ngome ile, na watu wa Kashi huvuka mwezi wa Magh kwenda kumtuliza, kwa hiyo wanaoishi naye wamelindwa. Na ni kule Ramnagar ndiko inakofanyika Ramlila, maigizo ya maisha ya mungu Rama, ya mwezi mzima, bila vipaza sauti wala taa za umeme. Mahali palipolaaniwa hapaimbwi Rama siku thelathini.

#24 Mpima Mito

Ramnagar imekaa kabla kona haijaanza kukunja, kwenye ardhi iliyoinuka juu ya mafuriko. Mfalme alijenga pakavu. Mnaona? Tunarudi palepale kwangu.

#25 Mtoto wa Malindi

Na kama ni mafuriko tu, mbona Kairo, mbona Khartoum, watu wamejenga kingo zote na Nile ilikuwa inafurika kila mwaka? Mtu akitaka kujenga anajenga. Pale hawakutaka. Nashikilia jua langu.

#26 Mpima Mito

Malindi, Kairo ya zamani nayo ilikaa upande mmoja, mashariki. Ile ya ng'ambo ya Giza imejaa majuzi tu, na mafuriko yalikomeshwa na bwawa la Aswan.

#27 Binti Kisutu

Na makaburi ya mafarao yako upande wa pili, magharibi. Hebu fikiria hilo nalo, Mpima.

#28 Ngosha Halisi

Mpima Mito leo hujalala.

#29 Mwana Kilosa

Wakuu, asanteni sana. Mama nimemsomea uzi wote jioni hii barazani. Mmemsaidia kuliko mnavyojua, wiki hizi za dawa zinachosha.

Maji ya Mkondoa yaliingia ndani kwetu mwaka 2010, hivyo anamkubali Mpima Mito. Kwa dada wa Kisutu amesema atamuombea Ba.

Ila ana swali jingine, na ameniambia nisilale kabla sijaliweka. Anasema maji yakishuka, ule mchanga unabaki na unyevu chini na mbolea ya mto. Sisi Kilosa tungeshapanda matikiti. Je, wao ng'ambo ile hawalimi?